Halijoto salama ya prosesa wakati wa ovakloki

Halijoto salama ya prosesa wakati wa ovakloki ni kiwango cha joto ambacho prosesa ya kompyuta ya mezani inaweza kukivumilia kwa muda mrefu bila kukosea hesabu, bila kujipunguza kasi na bila kuchakaa mapema, baada ya mtumiaji kuiongezea kasi kupita ile iliyopangwa na kiwanda. Prosesa huitwa pia kichakataji au bongo kuu la kompyuta. Ovakloki ni jina la kitendo chenyewe cha kuongeza kasi ya saa inayoongoza kazi za prosesa.

Wengi huuliza swali hili wakitarajia kupewa namba moja. Namba moja haipo. Kila aina ya prosesa ina kikomo chake kilichowekwa na mtengenezaji, kwa kawaida kati ya nyuzi 89 na 100 za Selsiasi kwa prosesa za kisasa za mezani, na mtumiaji anayeongeza kasi hushauriwa kubaki chini ya kikomo hicho kwa nyuzi kama 10 hadi 20 wakati wa kazi nzito. Hata hivyo halijoto ni nusu tu ya habari. Prosesa yenye nyuzi 70 inaweza kuharibika kabla ya ile yenye nyuzi 90 ikiwa ya kwanza imepewa volteji kubwa mno. Kwa sababu hiyo makala hii inaeleza joto na volteji kwa pamoja.

== Joto linatoka wapi ==

Ndani ya prosesa kuna mamilioni au mabilioni ya transista, yaani swichi ndogo sana za silikoni. Kila mara swichi inapofunguka au kufungwa, kiasi kidogo cha umeme hujazwa na kumwagwa, na nishati hiyo yote huishia kuwa joto. Nguvu inayotumika kwa njia hii hufuata kanuni rahisi: huongezeka sawasawa na kasi ya saa, lakini huongezeka kwa mraba wa volteji.

Mraba huo ndio chanzo cha matatizo mengi. Prosesa haikubali kwenda kasi zaidi bila kikomo kwa volteji ileile. Ikifika mahali, swichi hazimalizi kazi kabla ya pigo linalofuata la saa, na mtumiaji hulazimika kuongeza volteji ili ziwahi. Tuchukue mfano wa prosesa inayotumia wati 100 ikiwa na kasi ya gigahetsi 4.0 na volti 1.20. Mtumiaji anaipandisha hadi gigahetsi 4.6, na ili isikwame anaipa volti 1.35. Kasi imeongezeka kwa asilimia 15. Volteji imeongezeka kwa asilimia 12.5, ambayo ikipigwa mraba ni ongezeko la asilimia 26 na ushei. Ukizidisha yote mawili, wati 100 zimekuwa takriban 146. Mtumiaji amepata kasi ya asilimia 15 na kulipia joto la karibu asilimia 46.

Kuna pia umeme unaovuja hata swichi ikiwa imefungwa. Uvujaji huu huongezeka silikoni inapopata moto, na uvujaji huongeza moto. Prosesa iliyo karibu na kikomo chake kwa hiyo hutumia wati nyingi zaidi kwa kazi ileile kuliko ilipokuwa baridi. Ndiyo maana kubadilisha kipoozaji pekee, bila kugusa mpangilio mwingine wowote, huweza kupunguza kidogo matumizi ya umeme.

== Kikomo cha mtengenezaji ==

Intel hutaja kikomo kinachoitwa TjMax, yaani halijoto ya juu kabisa inayoruhusiwa ndani ya silikoni yenyewe. Kwa prosesa zake nyingi za mezani, zikiwemo Core i9-9900K ya mwaka 2018 na Core i9-13900K ya 2022, kikomo hicho ni nyuzi 100. AMD ilitaja nyuzi 90 kwa Ryzen 7 5800X ya 2020, nyuzi 95 kwa familia ya Ryzen 7000 ya 2022, lakini nyuzi 89 kwa Ryzen 7 7800X3D. Hiyo ya mwisho ina tabaka la ziada la kumbukumbu lililobandikwa juu ya silikoni, na joto hupata shida kupita.

Msomaji wa karatasi za zamani anahitaji kuwa mwangalifu. Kwa miaka mingi Intel iliandika Tcase, yaani halijoto katikati ya kifuniko cha chuma cha prosesa, si ndani ya silikoni. Core i7-2600K ya 2011 iliandikiwa nyuzi 72.6 kwa kipimo hicho. Watu wengi walilinganisha namba hiyo na ile inayoonyeshwa na programu, ambayo husoma ndani ya silikoni, wakaogopa bure walipoona nyuzi 75. Ni sawa na kulinganisha joto la sufuria na joto la moto ulio chini yake.

Prosesa ikifika kwenye kikomo hailipuki. Hujipunguza kasi na volteji yenyewe hadi joto lishuke, kisha hupanda tena. Ikiwa joto litaendelea kupanda licha ya hilo, kwa mfano kipoozaji kimedondoka, hatua ya mwisho ni kompyuta kuzima ghafla. Kwa mtu aliyefanya ovakloki, kujipunguza kasi ni dalili ya kwamba kazi yote imekuwa bure: ameweka gigahetsi 5.0 kwenye mpangilio lakini anapata 4.6 pale hasa anapozihitaji.

== Zamani prosesa ilikuwa haijilindi ==

Desturi ya kuongeza kasi ilienea sana mwishoni mwa miaka ya 1990. Mfano unaokumbukwa zaidi ni Celeron 300A ya Intel, iliyotoka mwaka 1998. Ilizidisha kasi ya njia kuu ya ubao mama mara 4.5, njia ya megahetsi 66 ilitoa 300. Aliyepandisha njia hiyo hadi megahetsi 100 alipata 450, na prosesa nyingi za aina hiyo zilikubali bila malalamiko. Prosesa ya bei nafuu ikawa inashindana na ile ya bei ya juu kabisa, na mvuto wa jambo hili kwa wanafunzi na watu wa kipato kidogo haukuhitaji matangazo.

Lakini ulinzi haukuwa umekua sambamba na kasi. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilichapisha video iliyokuja kuwa maarufu: wapimaji waliondoa kipoozaji juu ya prosesa kadhaa zikiwa kazini. Pentium 4 ilipunguza kasi ikaendelea na mchezo uliokuwa unaendeshwa. Pentium III ilisimama, lakini haikufa. Prosesa za Athlon za AMD ziliungua ndani ya muda mfupi sana, nyingine ikitoa moshi. Baada ya hapo ulinzi wa ndani dhidi ya joto ukawa jambo linalotarajiwa kwa kila prosesa, na leo ni vigumu sana kuunguza prosesa ya kisasa kwa joto peke yake. Onyo kwamba ovakloki itachoma kompyuta lilikuwa la kweli wakati huo; hatari ya sasa ina sura nyingine, na inaelezwa chini.

Mwaka 2012 jambo jingine liliwashangaza wapenzi wa ovakloki. Prosesa mpya za Intel za kizazi kilichoitwa Ivy Bridge zilikuwa zikitumia umeme kidogo kuliko zile za 2011, na bado zikiongezwa kasi zilipata moto zaidi. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba nafasi kati ya silikoni na kifuniko cha chuma, ambayo kwenye prosesa zilizotangulia ilijazwa lehemu, sasa ilijazwa pesti. Pesti hupitisha joto vibaya kuliko lehemu. Wengine walianza kubandua kifuniko kwa wembe au kwa kifaa maalumu na kuweka metali ya kimiminika, na kushusha joto kwa nyuzi nyingi. Wengine walikata silikoni na kupoteza prosesa. Intel ilirudisha lehemu kwenye prosesa zake za juu za mezani mwaka 2018.

== Kipimo kinapima nini ==

Halijoto inayoonekana kwenye programu kama HWiNFO, Core Temp au OCCT, au kwenye Linux kwa kutumia lm-sensors, hutoka kwenye vihisio vidogo vilivyomo ndani ya silikoni. Vihisio vya Intel havisomi halijoto moja kwa moja. Husema umbali uliobaki kufika TjMax, na programu hufanya hesabu ya kutoa. Vimerekebishwa ili viwe sahihi karibu na kikomo, kwa kuwa hapo ndipo usahihi unahitajika. Mbali na kikomo usahihi hupungua. Mtu anayesema kwamba prosesa yake ina nyuzi 24 katika chumba chenye nyuzi 27, bila kipoozaji cha barafu, anasoma kosa la kihisio.

AMD nayo ilileta mkanganyiko wake. Ryzen 7 1700X na 1800X za mwaka 2017 zilikuwa zikitangaza halijoto iliyoongezwa nyuzi 20 juu ya ile halisi, ili feni za aina zote za prosesa ziendeshwe kwa kanuni moja. Programu ambazo hazikujua hilo zilionyesha nyuzi 85 mahali palipokuwa na 65. Kwa hiyo programu ya kupimia inapaswa kuwa toleo linaloifahamu prosesa husika.

Viini vya prosesa moja havipati joto sawa. Tofauti ya nyuzi kadhaa hadi 10 kati ya kiini na kiini ni ya kawaida, na kinachozingatiwa ni kiini chenye moto zaidi, wala si wastani. Tofauti kubwa zaidi ya hapo huashiria mara nyingi kwamba kipoozaji hakikukaa sawasawa au pesti haikufika kila mahali.

== Viwango vinavyotumika kwa vitendo ==

Kwa prosesa yenye kikomo cha nyuzi 95 au 100, iliyoongezwa kasi na kutumika kila siku, viwango vifuatavyo vinakubalika kwa wazoefu wengi. Kompyuta ikiwa imetulia, nyuzi 30 hadi 50 ni za kawaida, ingawa namba hii haina maana kubwa. Prosesa mpya huruka juu na kushuka kila mtumiaji anapofungua kivinjari. Wakati wa mchezo, nyuzi 55 hadi 75. Wakati wa kazi inayotumia viini vyote kwa saa nyingi, kama kutengeneza video au picha za pande tatu, hadi nyuzi 80 au 85. Kuanzia 90 kwenda juu prosesa bado iko ndani ya kikomo lakini haina akiba tena: vumbi la miezi miwili, siku moja ya joto kali au feni iliyochoka itatosha kuifikisha mwisho.

Kanuni hii haiwezi kuhamishiwa kila prosesa. Kikomo kikiwa nyuzi 89 au 90, viwango vyote hushuka. Prosesa za AMD FX zilizotoka kuanzia 2011 ziliandikiwa vikomo vya chini zaidi, FX-8350 ikiwa na takriban nyuzi 61, na kuipeleka hadi 80 kwa kufuata ushauri ulioandikiwa prosesa nyingine ni kosa.

Kwa upande mwingine, kizazi cha Ryzen 7000 kilivuruga mazoea. AMD ilieleza kwamba prosesa hizo zimebuniwa kupanda hadi nyuzi 95 zenyewe zikipewa kazi ya viini vyote, na kubaki hapo zikitafuta kasi kubwa inayowezekana. Ukizipa kipoozaji kizuri zaidi, hazipungui joto sana, zinaongeza kasi. Kwa prosesa za namna hii halijoto si kipimo cha hatari tena, ni shabaha. Mtumiaji asiyependa kuona namba hiyo anaweza kuweka kikomo chake mwenyewe kwenye BIOS, kwa mfano nyuzi 85, na kupoteza asilimia chache tu za kasi.

== Chumba nacho kinahesabika ==

Kipoozaji cha hewa au cha maji hakiwezi kuishusha prosesa chini ya halijoto ya chumba. Kinachofanya ni kupunguza tofauti kati ya hizo mbili. Turudi kwenye mfano wa juu. Kama kipoozaji huruhusu prosesa ya wati 100 kuwa na moto wa nyuzi 40 juu ya chumba, basi kwa wati 146 tofauti itakuwa nyuzi 58 hivi. Katika chumba cha nyuzi 22 prosesa itafika 80, ambayo inakubalika. Katika chumba cha nyuzi 32 itafika 90.

Majedwali mengi ya kulinganisha vipoozaji hupimwa katika vyumba vyenye nyuzi 20 hadi 25. Mtu aliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Maskati asiyetumia kiyoyozi anapaswa kuongeza tofauti hiyo kabla ya kuamini namba za mwingine. Akiwa na prosesa ileile, kipoozaji kilekile na mpangilio uleule, bado atakuwa na nyuzi 8 hadi 10 zaidi. Busara ni kufanya majaribio mchana wa mwezi wa joto, kwa kuwa mpangilio uliothibitishwa usiku wa Julai unaweza kushindwa mchana wa Februari. Nairobi ina hali tofauti: ni baridi zaidi, lakini iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,795, ambako hewa ni nyepesi na feni hubeba joto pungufu kidogo kwa kila mzunguko. Baridi ya mji huo kwa kawaida hufidia upungufu huo.

Halijoto ya chumba inayohesabika, kwa kweli, ni ile iliyo ndani ya kasha la kompyuta. Kadi ya picha yenye kutumia wati 250 humwaga joto lake lote ndani ya kasha hilohilo, na prosesa huvuta hewa hiyo. Jaribio rahisi ni kufungua ubavu wa kasha wakati wa kazi nzito: joto la prosesa likishuka kwa nyuzi 5 au zaidi, tatizo ni mzunguko wa hewa, si kipoozaji.

== Volteji na kuchakaa ==

Nyaya za ndani za prosesa ni nyembamba mno, na mkondo unaopita ni mkubwa ukilinganisha na wembamba huo. Elektroni zinazopita husukuma atomi za metali kidogo kidogo, kama mto unavyosogeza mchanga, hadi mahali fulani waya unakatika au unagusana na jirani yake. Jambo hili huitwa elektromigresheni. James R. Black wa kampuni ya Motorola alitoa mlinganyo wake mwishoni mwa miaka ya 1960, na bado unatumika. Unaonyesha kwamba muda wa kuishi wa waya hupungua mkondo unapoongezeka, na hupungua kwa kasi kubwa halijoto inapopanda. Msemo wa mafundi kwamba kila nyuzi 10 za ziada hukata maisha ya kifaa kwa nusu ni wa kukadiria tu, ila unatoa picha ya jinsi uhusiano huo ulivyo mkali.

Kuchakaa huku hakuonekani kwenye kipimajoto. Dalili yake ni kwamba mpangilio uliokuwa imara kwa mwaka mzima unaanza kukwama, na prosesa inadai volteji zaidi kwa kasi ileile. Anayeiongezea volteji anaharakisha uchakavu uleule anaoukimbia.

Matukio mawili ya miaka ya karibuni yalionyesha hili hata kwa watu waliodhani kwamba hawajaongeza chochote. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000, hasa zenye kumbukumbu ya ziada, ziliungua ndani ya soketi zake. Wengi wa wenye kompyuta hizo walikuwa wamewasha tu mpangilio wa kuharakisha kumbukumbu ya RAM, ambao kwenye baadhi ya mbao mama ulipandisha volteji ya sehemu nyingine ya prosesa. AMD ilitoa masasisho yaliyozuia volteji hiyo kupita volti 1.3.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Intel. Prosesa za Core za kizazi cha 13 na cha 14, hasa za daraja la juu, zilianza kukwamisha michezo, mara nyingi kwa ujumbe wa ajabu unaodai kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha. Baada ya miezi ya uchunguzi kampuni ilieleza kwamba prosesa zilikuwa zikipewa volteji ya juu kupita kiasi, na kwamba sehemu inayosambaza mapigo ya saa ndani ya viini ilichakaa mapema kwa volteji na joto hilo. Sasisho la Agosti 2024 lilizuia maombi ya volteji juu ya volti 1.55, na dhamana ya prosesa zilizohusika ikaongezwa miaka miwili. Sasisho lilizuia uharibifu mpya, lakini halikuponya prosesa iliyokwisha kudhurika. Mwenye prosesa ya vizazi hivyo, hasa aliyeinunua ikiwa imetumika, hana budi kusasisha BIOS kabla ya kufikiria ovakloki yoyote.

Kwa hiyo kabla ya kutazama halijoto, mtumiaji hutafuta kwanza volteji inayokubalika kwa kizazi cha prosesa yake. Kwa prosesa za Intel zilizotengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 14, kwa mfano, wazoefu wengi walibaki chini ya volti 1.4 kwa matumizi ya kila siku. Silikoni mpya zaidi haivumilii lazima kiasi kilekile. Mpangilio wa volteji wa "otomatiki" kwenye BIOS nao hauaminiki baada ya kasi kuongezwa. Baadhi ya mbao mama hutoa volteji nyingi kuliko inayohitajika, ili tu kompyuta isikwame.

== Kupima na kupunguza ==

Utaratibu wa kawaida ni kupandisha kasi hatua ndogo, megahetsi 100 kwa mara moja, na kupima kila hatua. Prime95, programu iliyoandikwa na George Woltman kwa ajili ya kutafuta namba tasa kubwa, hutumika sana kwa sababu hukagua hesabu zake na kusema ikiwa jibu limekosewa. Hutoa joto kubwa kuliko karibu kazi yoyote ya kawaida, hasa ikitumia maagizo ya aina ya AVX. Baadhi ya watu huiona si ya haki: kompyuta ya michezo haitafika joto hilo maishani mwake. Hoja hiyo ina uzito kuhusu joto, lakini si kuhusu usahihi. Kompyuta inayotumika kuandikia tasnifu au kutunza hesabu za duka, ikikosea namba moja kila baada ya saa kadhaa bila kukwama, ina madhara makubwa kuliko ile inayozima wazi mbele ya mtumiaji. Faili huharibika kimya, na nakala ya akiba hunakili faili iliyoharibika. Ni vyema kuhifadhi kazi zote nje ya kompyuta kabla ya jaribio la kwanza.

Dakika 10 za mwanzo huonyesha kama kipoozaji kinatosha, ingawa kipoozaji cha maji huchukua muda mrefu zaidi kupata moto wake kamili, mara nyingi nusu saa. Joto likiruka hadi karibu na kikomo ndani ya sekunde chache, jaribio husimamishwa na kipoozaji kukaguliwa. Mara nyingi skrubu hazikukazwa sawa au karatasi ya plastiki ya kiwandani haikubanduliwa. Kosa hili la mwisho hutokea zaidi ya inavyodhaniwa.

Kupunguza joto hakuhitaji lazima kununua kitu. Kusafisha vumbi na kubadilisha pesti iliyokauka hurudisha nyuzi kadhaa kwenye kompyuta ya zamani. Faida kubwa zaidi hutoka kwenye volteji: viwanda huweka akiba kwa ajili ya silikoni iliyo dhaifu kuliko zote, na prosesa nyingi hukubali kupunguziwa volteji kidogo bila kupoteza kasi. Kwa kuwa joto hufuata mraba wa volteji, punguzo dogo linaonekana mara moja. Kwenye prosesa zinazojipandisha zenyewe, punguzo hilo huongeza kasi, na limekuwa njia inayopendwa kuliko ovakloki ya zamani.

Mara nyingine kipoozaji hakina la kufanya. Viini vya Ryzen kuanzia mwaka 2019 viko kwenye vipande vidogo sana vya silikoni, na wati nyingi hutoka kwenye eneo lenye ukubwa unaopungua ukucha wa kidole gumba. Joto hukwama ndani ya silikoni na kifuniko kabla halijafika kwenye kipoozaji, kwa hiyo kipoozaji cha bei mara tatu huweza kuleta nafuu ya nyuzi chache tu.

== Baridi kupita kiasi ==

Mashindano ya kasi hufanyika upande mwingine wa kipimajoto. Nitrojeni ya kimiminika huchemka kwa nyuzi −196, na washindani huimwaga kwenye kopo la shaba lililofungwa juu ya prosesa. Mwaka 2011 AMD FX-8150 iliingizwa kwenye rekodi za Guinness kwa gigahetsi 8.429. Mwishoni mwa 2022 Core i9-13900K ilipita gigahetsi 9 kwa kutumia heli ya kimiminika, ambayo ni baridi zaidi. Rekodi hizi hudumu kwa dakika chache na hazina uhusiano na matumizi ya nyumbani. Baadhi ya prosesa hugoma kuwaka zikiwa baridi mno.

Hatari ya baridi ni unyevu. Chochote kilicho na halijoto chini ya kiwango cha umande hukusanya maji kutoka hewani, na maji kwenye ubao mama ulio na umeme huua vifaa haraka kuliko nyuzi 100. Katika chumba cha nyuzi 30 chenye unyevunyevu wa asilimia 75, hali ya kawaida kwenye pwani ya Afrika Mashariki, kiwango cha umande ni takriban nyuzi 25. Mtu anayeweka barafu kwenye tangi la kipoozaji chake cha maji ili apate nyuzi chache za ziada, na maji yakashuka hadi nyuzi 20, ataona mirija ikitoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na matone ya kwanza hujikusanya kuzunguka soketi, mahali asipoweza kuyaona.